Usa River haiko Marekani

Machi mwaka huu nilipigiwa simu na fundi pampu wa Usa River. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu aliyechoka kusubiri. "Shikamoo mama. Nilijiandikisha kwenye orodha yenu tangu mwezi wa kumi. Mpaka leo hakuna mteja hata mmoja aliyeniambia kanipata huko. Binti yangu kaifungua kwenye simu yake, anasema mmeniweka Marekani."

Nilifungua tovuti yetu palepale, simu ikiwa sikioni. Binti alikuwa sahihi. Pini ya baba yake ilikuwa imesimama Kansas, katikati ya mashamba. Siku ya kujiandikisha, penye nafasi ya mahali alipo, aliandika neno moja tu, "Usa", kama tunavyosema sote tunaopanda daladala za kwenda huko. Mtambo wa kutafuta mahali ulisoma herufi tatu, ukampeleka Marekani, na kwa miezi mitano hakuna kati yetu aliyegundua. Mtu ana watoto shuleni.

Tangu siku ile nina neno kuhusu ramani, na nalisema kwa yeyote mwenye tovuti inayoorodhesha biashara, zahanati, mafundi au nyumba za wageni katika mkoa huu wa Arusha. Chagua ramani ambayo wewe mwenyewe unaweza kuisahihisha, kisha toka nje ukaisahihishe. Bei, rangi na picha za satelaiti vinafuata baada ya hapo.

Mimi si mhandisi wa kompyuta. Nilikaa kaunta ya duka la vipuri mtaa wa Unga Limited miaka kumi na tisa. Nusu ya kazi yangu ilikuwa kuuza beringi na mikanda, nusu nyingine ilikuwa kuelekeza watu: nani anasuka mota, nani anachonga shafti, nani anaweza kuifufua pampu ya kisima kabla ng'ombe hawajalala na kiu. Mwaka 2021 mtoto wa kaka yangu alimaliza chuo akiwa na ujuzi wa kutengeneza tovuti. Akaniambia, "Shangazi, hayo yote uliyonayo kichwani tuyaweke mtandaoni, maana siku ukiugua mji mzima utapotea." Tukaanza na daftari langu. Leo tuna mafundi na maduka mia sita na kitu, kutoka Kisongo mpaka Kikatiti, na nyuma ya Mlima Meru mpaka Ngarenanyuki kwenye nyanya.

Kuorodhesha majina na namba za simu kulituchukua wiki tatu. Kuwaweka watu hao kwenye ramani kumetuchukua miaka, na bado hatujamaliza.

Sababu wanaijua wote waliokulia hapa. Kwa miaka mingi anwani ya Mtanzania ilikuwa sanduku la posta. S.L.P. inapokea barua, haipokei mteja aliyebeba mota begani. Mtu akitaka kufika kwako unamwelekeza kwa mdomo: shuka Kwa Mrefu, shuka Sanawari ya juu, kata kushoto penye transfoma, uliza kwa mama muuza mkaa. Tumeelekezana hivyo na tumefika. Tatizo ni kwamba mtambo hauwezi kumuuliza mama muuza mkaa. Kwa Mrombo pekee tumeipokea kwa tahajia nne: Kwa Mrombo, Kwa Morombo, Kwamrombo, na Mrombo kavu. Kaloleni iko Arusha, iko Moshi, iko Nairobi, iko Kilifi. Majengo sijui ni mji gani wa nchi hii hauna. Hata jina la Arusha lenyewe lina mwenzake, maana Arusha Chini iko Kilimanjaro, kwenye miwa. Ukiuachia mtambo ukuchagulie, utakuchagulia mahali penye watu wengi zaidi au maarufu zaidi duniani, na hapo mara nyingi sipo alipo fundi wako.

Ndiyo maana sisi tumeacha kabisa kugeuza jina kuwa nukta bila mtu kuangalia. Anayejiandikisha sasa anatuma lokesheni kwa WhatsApp akiwa amesimama mlangoni pa kazi yake, nje, si chini ya bati. Mpwa wangu au mimi tunaifungua, tunampigia simu, tunamuuliza: mbele yako kuna nini? Akisema kuna msikiti na duka la pembejeo, na kwenye ramani tunaona hivyo, tunapitisha. Ni kazi ya dakika tano kwa kila mtu. Zile dakika tano ndizo zilizokosekana kwa yule fundi wa Usa.

Sasa nije kwenye kuchagua, maana hapo ndipo vijana wengi wanaonijia huanguka.

Wengi wanachagua Google, na siwalaumu. Iko kwenye simu ya kila mtu, picha zake za angani ni nzuri, maduka mengi ya mjini yamo. Lakini kuitumia ukiwa safarini si sawa na kuijengea tovuti. Mwaka 2018 Google iliweka utaratibu kwamba kila tovuti iwe na ufunguo wake, na ufunguo uambatane na kadi ya benki. Ramani za waliochelewa zilitiwa giza na kuandikwa juu yake kwamba ni za majaribio tu, na mimi nakumbuka tovuti za hoteli zetu zilizokaa na giza hilo miezi. Wakati ule kulikuwa na nafuu ya dola 200 kila mwezi. Machi 2025 nafuu hiyo iliondolewa, pakawekwa kiwango cha bure kwa kila huduma: ramani ya kawaida unapata mara 10,000 kwa mwezi, ikizidi hapo inaanza dola 7 kwa kila mara 1,000 inapofunguliwa. Kwa orodha ndogo kama yetu, 10,000 zinatosha. Kwa hiyo bei siyo hoja yangu kuu.

Hoja yangu ni umiliki. Masharti yao hayakuruhusu kuhifadhi nukta ulizozipata kwenye mtambo wao kwa zaidi ya siku 30, wala kuziweka juu ya ramani ya mtu mwingine. Fikiria hilo vizuri. Unatafuta mahali pa mafundi mia sita, unawapata, halafu hazina hiyo si yako. Siku ukitaka kuhama, unaondoka na majina bila milango yake. Mtu anayejenga orodha anajenga ghala. Huwezi kujenga ghala kwa mahindi ya kuazima.

Sisi wenyewe tulianza na ramani ya kulipia, ya kampuni ambayo sina haja ya kuitaja kwa sababu kosa lilikuwa letu. Ufunguo tuliuacha wazi kwenye ukurasa, haukufungwa kwa jina la tovuti yetu. Mtu asiyejulikana akaunakili, akautumia kwake. Ankara ya mwezi ule ilizidi kodi ya fremu yangu ya Unga Limited. Nililipa, nikalia, nikajifunza. Ukitumia ramani yoyote yenye ufunguo, ufunge ufunguo huo kwa jina la tovuti yako, lenye www na lisilo na www, kwa kuwa ukisahau moja nusu ya wageni wako hawataona kitu. Weka na kikomo cha matumizi ya siku. Fanya hivyo siku ya kwanza, kabla hujaweka hata rangi.

Tulikohamia ni OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, inayoandikwa na yeyote anayetaka kuiandika. Watanzania hatukuikuta mezani, tumeipika pamoja na wengine. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi walitembea Tandale, Dar es Salaam, wakaichora uchochoro kwa uchochoro. Mwaka 2015 ikaja Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wakaandika mitaa inayofurika, mifereji yake na kina cha maji yanapojaa. Mwaka huohuo wakaanza Crowd2Map, waliojaza vijiji ambavyo havikuwemo, ili wasichana wanaokimbia ukeketaji huko Serengeti waweze kufuatwa na gari. Mwaka 2018 wataalamu wa ramani huria kutoka duniani kote walikutana Dar es Salaam kwenye mkutano wao wa FOSS4G. Nasema haya kwa sababu kila ninapoitaja ramani hii kwa wafanyabiashara wa hapa wanadhani ni kitu cha bei poa cha wasio na uwezo. Ni ramani iliyotembewa kwa miguu.

Usiku ule wa simu ya fundi niliingia mwenyewe nikaandika jina la kituo anachoshukia mteja wake. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, miwani puani, na mpwa wangu alikuwa amelala. Siku chache baadaye jina likaonekana kwenye tovuti yetu. Ramani nyingine zitakupokea pendekezo lako, zikalikubali au zikalikataa, na wewe unangoja.

Kwa upande wa simu za watu tunatumia Leaflet, programu ndogo ya kuonyesha ramani iliyotolewa mwaka 2011 na Volodymyr Agafonkin wa Ukraine. Uzito wake ni kama kilobaiti 42. Picha moja ya harusi kwenye WhatsApp inaizidi. Kwa mteja aliye Ngarenanyuki, ambako mtandao unakuja na kuondoka na bando ni la mia tano, hiyo ndiyo tofauti ya kupata namba ya fundi na kukata tamaa.

OpenStreetMap ina udhaifu wake, na nitausema. Vigae vya picha ya ramani vinavyotoka kwenye mitambo ya OpenStreetMap yenyewe vinaendeshwa kwa michango, si vya kubebeshwa biashara. Ukizidisha wanakuzuia, na wana haki. Mtambo wao wa kutafuta majina, Nominatim, unapokea ombi moja tu kwa sekunde. Mpwa wangu aliwahi kuutupia majina mia nne kwa mkupuo, ukatufungia mlango. Na lazima uandike kwenye kona ya ramani kwamba data ni ya wachangiaji wa OpenStreetMap. Wapo wanaoufuta mstari huo ili ukurasa upendeze. Ni kuwanyima watu shukrani yao ya pekee. Sisi tulimaliza suala la vigae kwa kukata kipande cha ramani kutoka Monduli mpaka Boma Ng'ombe, tukakiweka kwenye faili moja la mfumo wa PMTiles, linakaa kwenye kompyuta ileile inayobeba tovuti. Tunalibadilisha kila mwezi. Hatudaiwi na mtu.

Udhaifu mkubwa zaidi ni majina. Mwaka 2019 Microsoft walitoa bure michoro ya majengo karibu milioni 18 ya Tanzania na Uganda, iliyosomwa na kompyuta kwenye picha za angani, na mwaka 2021 Google nao wakatoa ya kwao ya Afrika. Kwa hiyo mapaa yameshahesabiwa. Kompyuta haijui kwamba chini ya paa lile la bluu Ngarenaro ndipo mota inaposukwa. Hilo linajulikana na anayepita pale.

Nimeshasema kuhusu kuchagua. Kutafuta ubovu ni kazi nyingine, na hapa nina mengi kwa sababu nimekosea mengi.

Arusha iko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, nyuzi thelathini na sita na kitu mashariki. Kwenye kompyuta katikati ya mji huandikwa -3.37 na 36.68. Ile alama ya kutoa ndiyo kusini yetu. Ikidondoka wakati wa kunakili, duka la Barabara ya Sokoine linahamia mashariki mwa Ziwa Turkana, upande wa North Horr, Kenya. Namba zikipishana, 36.68 ikatangulia, duka linazama Bahari ya Mediterania, karibu na pwani ya kusini ya Hispania. Nafasi ikiachwa tupu na mtambo ukaisoma kuwa sufuri na sufuri, duka liko Ghuba ya Guinea, magharibi mwa Afrika, hakuna hata kisiwa. Na kupishana kwa namba si lazima kuwe uzembe: Leaflet inataka latitudo ianze, faili za GeoJSON zinataka longitudo ianze. Ukitoa kwenye moja ukatia kwenye nyingine bila kugeuza, umewazamisha watu wote kwa pamoja. Tulifanya hivyo Desemba 2022. Mafundi mia mbili, baharini, siku mbili kabla ya Krismasi.

Kuna na wanaosoma nyuzi na dakika kwenye kifaa cha GPS, wakaandika 3.22 badala ya nyuzi 3 dakika 22. Dakika ni sitini katika nyuzi, si mia. Duka la mjini likiandikwa hivyo kwa namba zote mbili linaonekana upande wa milima ya Monduli, zaidi ya kilomita 30 kutoka mlangoni pake. Kosa hili ni baya kuliko la Hispania kwa sababu halishtui. Liko nchini, liko mkoani, mteja anaweza kulifuata.

Dawa tuliyoweka ni rahisi. Tumechora boksi: latitudo kati ya -3.0 na -3.6, longitudo kati ya 36.4 na 37.1. Nukta iliyo nje ya hapo tovuti inaikataa, na iliyo ndani inasubiri ile simu ya dakika tano. Tunadai na tarakimu nne au tano baada ya nukta. Mbili zinakupa eneo la kilomita nzima, nne zinakufikisha kwenye mita kumi hivi, tano mlangoni. Zaidi ya hapo ni mapambo.

Kosa lililonifundisha zaidi lilitoka mlimani. Kamati ya maji ya vijiji vya upande wa Akheri na Nkoaranga ilitupa orodha ya matangi na vituo vya kuchotea, ili mafundi bomba wajue pa kwenda. Tukaziweka nukta zote. Zote zikakosea. Hazikukosea ovyo, kila moja ilisogea kama mita mia tatu, na zote upande mmoja. Nilianza kuzirudisha moja moja kwa mkono, nikafika ya kumi na nne, ndipo mpima ardhi mmoja mstaafu, jirani yangu, alipokuja kuazima ngazi akaona ninachofanya. "Acha," akaniambia. "Hizo zimetoka kwenye karatasi za zamani." Akanieleza kwamba ramani za zamani za nchi yetu, zile za kipimo cha moja kwa elfu hamsini, zilipimwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960, wakati GPS ya simu inatumia WGS84. Mahali ni palepale, namba ni tofauti. Unaiambia programu nukta zilitoka msingi upi, inazihamisha zote kwa mara moja. Ilichukua nusu saa. Toka hapo, pini ikikosea, swali langu la kwanza ni kama wenzake nao wamekosea, na kama wamesogea upande mmoja. Pini moja ikikosea peke yake, kosa ni la mwandikaji. Zikihama kama kundi, kosa liko kwenye mfumo, na ukilitibu kwa mkono unaharibu hata zilizopona.

Mengine nayapitia haraka. Ramani ikionekana nusu, nusu nyingine ya kijivu, mara nyingi imezaliwa ndani ya ukurasa uliofichwa, ikapima chumba kikiwa kimefungwa. Iambie ipime tena ukurasa unapofunguka, Leaflet ina amri ya hilo, invalidateSize. Kitufe cha "karibu nami" kisipojibu, tazama kama anwani ya tovuti yako inaanza na https, maana tangu 2016 Chrome haitoi mahali pa mtu kwa tovuti isiyo na https. Maduka ya Soko Kuu yatalaliana pini juu ya pini mpaka uonekane una duka moja. Yakusanye kwenye duara lenye idadi, linafunguka mtu akilikaribia. Na wenye maduka waliopigwa X barabara ya Sakina hadi Tengeru ilipopanuliwa bado wanaonekana katikati ya lami kwenye orodha za watu wengi. Nenda ukawatafute walikohamia.

Umbali, huo sitaupitia haraka. Tovuti nyingi zinapima "kilicho karibu" kwa mstari ulionyooka, kama ndege. Miteremko ya Meru imepasuliwa na makorongo na mito inayoshuka kuja mjini, Themi, Naura, Kijenge, na barabara nyingi zinapanda na kushuka sambamba nayo. Mama mmoja wa Ilboru alipasukiwa na bomba usiku. Tovuti yetu ikamwonyesha fundi wa Ilkiding'a, mita mia tisa. Kijana akapanda bodaboda, akashuka mpaka barabara kuu, akapanda upande wa pili, akafika baada ya dakika hamsini, akadai nauli ambayo mama hakuitarajia, na maji yalikuwa yameshafika sebuleni. Wote wawili walinipigia mimi. Walikuwa na haki. Siku hizi tunapima kwa barabara, kwa programu inayofuata njia zilizoandikwa kwenye ramani, na pale ambapo njia haijaandikwa tunaandika kwa maneno: "yuko ng'ambo ya korongo". Sentensi hiyo moja imetusaidia kuliko programu yoyote.

Tena nashauri kila orodha iwe na maneno ya kuelekeza chini ya ramani, kwa Kiswahili cha kawaida, kituo cha kushukia kikitangulia. Halafu kitufe kimoja kinachofungua ramani iliyomo kwenye simu ya mteja. Hicho hakikugharimu chochote, na ndicho wateja wetu wanachokibonyeza.

Na si kila mlango uwekwe pini. Tuna mafundi cherehani wanaoshonea nyumbani, wengi wao wanawake wanaoishi peke yao na watoto. Mwanzoni tuliwapiga pini sebuleni mwao. Mmoja wa Moshono aliamka usiku akakuta mwanamume mgeni getini, ana simu mkononi, anasema ramani ndiyo iliyomleta. Kuanzia siku ile mtu wa nyumbani tunamweka kwenye makutano ya karibu, anamwelekeza mteja mwenyewe akitaka. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ridhaa ni moja ya misingi yake. Nilipaswa kuwauliza hata kama sheria isingekuwepo.

Nimebaki na ombi, na naliomba kwa nguvu zangu zote.

Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua operesheni ya anwani za makazi, ili nchi iwe na anwani kabla ya Sensa ya Agosti 23 mwaka ule. Vijana walipita mitaa yetu, Levolosi, Olasiti, Muriet, wakaandika namba za nyumba na majina ya mitaa. Vibao vikasimikwa. Tukapewa na postikodi, mkoa wetu zikianza na 23. Ilikuwa kazi kubwa na njema, na ilifanywa kwa fedha ya umma. Leo naweza kutafuta anwani moja kwenye programu ya NaPA. Ninachoiomba wizara inayohusika na mawasiliano, na halmashauri zetu tatu, ya Jiji, ya Arusha na ya Meru, ni faili: majina ya mitaa na nukta za namba za majengo, bila jina la mwenye nyumba, kata kwa kata, yeyote aweze kulipakua na kulitumia. Mwenye orodha kama yangu, dereva wa gari la wagonjwa, mwenye duka la kupeleka gesi, wote watapata anwani moja iliyo sahihi, na hakuna atakayelazimika kubuni ya kwake.

Chuo cha Ufundi Arusha, Chuo cha Uhasibu, na Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, wapeni wanafunzi wenu kata moja kila mmoja waitembee na kuiandika. Mlango wangu uko wazi, daftari langu pia.

Nawe mwenye gereji, saluni, zahanati au duka la pembejeo, leo jioni chukua simu ya mwanao, tafuta jina la biashara yako, uone umewekwa wapi. Ukijikuta mahali pasipo pako, mpigie mwenye orodha hiyo usiku huohuo, usingoje miezi mitano. Jumamosi nitakuwa soko la Tengeru tangu asubuhi, upande wa wauza ndizi, na simu yangu ina chaji.